Hendigadi ya inchi 10, 13 au 15: mkono wa mbele ukae wapi, na kizuizi kifungwe upande gani?

Ukiingia duka la bunduki Marekani kutafuta AR-15, raifo inayojipakia yenyewe, ya kulengea shabaha, utaulizwa urefu wa mtutu, kisha utaulizwa urefu wa hendigadi, yaani lile gamba linalouzunguka mtutu, ambalo mkono wa mbele hulishika. Swali la pili wengi hulijibu kwa macho. Picha nyingi za miaka hii zinaonyesha hendigadi ya inchi 15 iliyokaribia mdomo wa mtutu, basi mtu anaagiza hiyo hiyo. Anafika uwanjani, ananyoosha mkono hadi mwisho kama alivyoona kwenye video, na baada ya magazini mbili bega linamuuma na nukta nyekundu ya kilengeo inacheza juu ya shabaha. Analaumu uzito wa bunduki, anaanza kutafuta mtutu mwepesi, na tatizo linabaki palepale.

Nina msimamo mmoja katika jambo hili, nao unahusu utaratibu. Mkono uchague mahali pake kwanza. Urefu wa hendigadi uufuate mkono. Kizuizi cha mkono, kile kinundu kidogo kinachofungwa chini ya hendigadi, kije mwisho kabisa. Anayeanza na urefu au na kizuizi hujikuta anaupinda mwili ili ufuate chuma.

Sheria kwanza, kwa kifupi. Ninayoyaeleza ni mambo ya Marekani. Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamzuia raia kuwa na bunduki ya kijeshi inayojipakia yenyewe ya milimita 5.56 au 7.62, kwa hiyo msomaji wa Nairobi asome kwa kujua tu. Na ndugu zangu mliopo Marekani kwa viza ya masomo au ya matembezi, sikilizeni: sheria ya shirikisho kwa ujumla inamkataza mwenye viza ya muda kuwa na bunduki au risasi, na misamaha yake ni michache, kama vile leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hayumo katika katazo hilo. Muulize mwanasheria kabla hujatoa pesa, maana kosa la namna hii linaweza kukuondoa nchini.

Urefu ulitoka wapi

AR-15, bunduki ya mbunifu Eugene Stoner, ilipotoka kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, hendigadi haikuwa kitu cha kuchagua. Ilikuwa vipande viwili vilivyobanwa kati ya bodi ya bunduki, ile sehemu ya kati yenye bolti, na kilengeo cha mbele, na urefu wake uliamuliwa na mahali tundu la gesi, linalotoa gesi ya risasi ili iisukume bolti, lilipotobolewa kwenye mtutu. Ndiyo asili ya vipimo vinavyotajwa mpaka leo: mfumo wa gesi wa karabini, ambao hendigadi yake ya kawaida ni karibu inchi 7, mfumo wa kati, karibu inchi 9, na mfumo wa raifo, karibu inchi 12. M4 ya jeshi, yenye mtutu wa inchi 14.5, ilitoka na ile fupi. Mwenye mikono mirefu akiishika hana pa kwenda, kiganja kinagota kwenye kilengeo cha mbele. Wengi wakazoea kukumbatia tundu la magazini, na mazoea hayo wakayarithisha kwa wanafunzi wao hata baada ya sababu yake kwisha.

Gamba hilo la zamani lina kasoro nyingine kubwa kuliko ufupi: linagusa mtutu. Ukilivuta kwa mkanda wa bunduki, unauvuta na mtutu, na risasi zinahama mahali pa kupiga. Wapiga shabaha wa Camp Perry, Ohio, wanaoshindana kwa bunduki za umbo la kijeshi, walilijua hili zamani, na kanuni zao zinawaruhusu kuficha ndani ya hendigadi ya kawaida bomba linaloshikwa na nati ya mtutu peke yake, ile inayoufunga mtutu kwenye bodi. Kwa macho bunduki ni ile ile, lakini mtutu uko huru.

Leo hendigadi nyingi zinazouzwa kwa wanaojiundia bunduki wenyewe ni za namna hiyo. Zimefungwa nyuma tu, kwenye nati ya mtutu, na mbele hazigusi kitu. Bloku ya gesi, kile kipande kinacholifunika tundu la gesi, imefupishwa ikaingia ndani, kwa hiyo urefu haufungwi tena na mfumo wa gesi. Ndipo ukaja uhuru wa kuchagua 10, 13, 15 hata 17, na pamoja na uhuru ikaja tabu ya kuchagua vibaya.

Kupima kabla ya kununua

Sehemu hii ndiyo yenye faida kuliko zote, na haigharimu kitu. Omba bunduki ya rafiki au ile uliyonayo, hata kama hendigadi yake si unayoitaka. Toa magazini. Vuta bolti nyuma, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kuhakikisha. Risasi zote zitoke katika chumba hicho, na mdomo wa mtutu uelekee ukuta ambao risasi haiwezi kuupenya. Kisha hakikisha tena.

Anza na kitako. Kitako kikiwa kirefu mno, kila kitu kinasukumwa mbele na mkono wako utaonekana mfupi. Kikiwa kifupi mno, pua inagusa bodi na mkono unajikunja. Kwa kitako cha kuvuta chenye hatua kadhaa, tafuta hatua ambayo shingo inabaki imesimama na jicho linaona vizuri bila kulinyoosha. Ukibadilisha kitako baadaye, vipimo vyote vya mbele vinabatilika, kwa hiyo kimalize sasa.

Sasa simama kama unavyosimama uwanjani, fumba macho, ipandishe bunduki begani, na mkono wa mbele uuache uende unakotaka. Usiuongoze. Ukitulia, mwenzako abandike kipande cha utepe wa karatasi pale ncha ya kidole cha shahada ilipoishia. Shusha, pumzika, rudia mara kadhaa. Utepe wa mwanzo mara nyingi uko mbele zaidi, kwa sababu bado unamwiga mtu fulani kichwani. Wa mwisho, baada ya misuli kuchoka kidogo, ndio unaosema kweli.

Rudia ukiwa umepiga goti, kisha ukiwa umelala kifudifudi. Alama hazitalingana, na hilo si kosa. Ukisimama unaweza kunyoosha. Ukilala, kiwiko kinakita chini na mkono unarudi nyuma kidogo, isipokuwa unapotumia mkanda wa kufunga kwenye mkono, hapo kiganja kinasukumwa mbele mpaka kwenye pete ya mkanda. Andika alama zote tatu, na uipe uzito zaidi ile ya mkao unaoupigia mara nyingi. Mtu wa mashindano ya mbio na shabaha nyingi afuate alama ya kusimama. Anayekaa mezani Jumamosi na gunia la mchanga hahitaji kunyoosha kitu.

Pima kutoka ukingo wa mbele wa bodi hadi kwenye utepe. Kwa mtu wa kimo cha kati, kipimo cha kusimama hutua mara nyingi kati ya inchi 9 na 12. Kwa kipimo hicho ongeza nafasi ya vitu vitakavyofungwa mbele ya mkono: tochi, pete ya mkanda, kizuizi chenyewe. Jumla yake ndiyo hendigadi yako. Mtu aliyepata inchi 10 na nusu na anataka tochi ndogo mbele ya vidole amekwisha kujibu swali lake: ni 13.

Inchi 10

Fupi ina sifa ambazo watu wamezisahau. Uzito unakaa karibu na tundu la magazini, bunduki inageuka upesi, na mtu wa umbo dogo au mwenye bega bovu anaweza kuishika muda mrefu. Nimewaona wanawake wafupi wakipewa bunduki ndefu ya mume, wakitetemeka kwa risasi za mwanzo, kisha wakipewa yenye hendigadi ya inchi 9 au 10 na mtutu mwembamba, vishimo vikaanza kukusanyika pamoja kwenye karatasi. Hawakuwa na udhaifu wowote. Ile ya kwanza haikuwa ya mikono yao.

Kwa mtutu wa inchi 16 wenye gesi ya karabini, tundu la gesi liko karibu inchi 7.8 kutoka nyuma ya mtutu, na hendigadi ya inchi 10 inaifunika bloku bila shida. Kwa gesi ya kati tundu liko karibu inchi 9.8, na hapo bloku inachungulia nje. Sipendi hali hiyo. Bloku ya gesi hupata moto mkali sana, na kidole kikivuka ukingo kwa bahati mbaya kitaungua. Mwenye gesi ya kati aende angalau 12.

Tatizo la pili ni nafasi. Tochi, waya wa swichi, pete ya mkanda na mkono vinagombania mahali pamoja. Ukijikuta unashika kwa vidole vitatu kwa sababu cha nne kimekosa pa kukaa, hendigadi imekushinda.

Kwenye mitutu mifupi ya inchi 10.5 na kushuka, hali ni nyingine kabisa, nitaieleza kwenye vizuizi, kwa maana pale kizuizi kinakuwa kitu cha usalama.

Inchi 13

Kama ningelazimika kumchagulia mtu nisiyemjua, mwenye mtutu wa inchi 16 na gesi ya kati, ningemwambia achukue 13. Bloku imefunikwa yote, mkono una uhuru wa kwenda mbele na kurudi, tochi inapata mahali, na bado zinabaki inchi mbili hivi za mtutu nje. Hizo inchi mbili zina maana. Breki ya mdomoni inatoa gesi pembeni kwa nguvu, na unataka vidole viwe mbali nayo. Atakayefunga kizuia sauti naye ana nafasi ya kukizungusha na kukitoa bila kuhangaika na spana ndani ya bomba.

Udhaifu wake ni mmoja: hauna sifa ya kupindukia upande wowote. Mwenye mikono mirefu sana ataona vidole vinafika ukingoni, na mwenye gesi ya raifo, ambayo tundu lake liko karibu inchi 13.2, ataona bloku yake iko nje.

Inchi 15

Ndefu ina watu wake, na kwao ni bora kweli. Kwanza, warefu. Mtu wa futi sita na nusu anayetua inchi 13 hana haja ya ushauri wangu. Pili, wanaopiga wakiegemea kuta za mbao katika mashindano ya bunduki tatu (raifo, bastola na shotgani) na mengine ya aina hiyo. Hendigadi ndefu inakupa sehemu kubwa ya kuegemeza, na mtutu wenyewe hautagusa ubao hata ukikosea kidogo. Tatu, wanaotumia vilengeo vya chuma, kwa sababu kilengeo cha mbele kikisogea mbali na cha nyuma, kosa dogo la jicho linaonekana mapema zaidi.

Lakini fanya hesabu hii kabla ya kuagiza. Urefu wa mtutu hupimwa kutoka uso wa bolti iliyofungwa, si kutoka ukingo wa bodi. Mtutu wa inchi 16 kwa hiyo unatokeza mbele ya bodi kwa inchi 15 na kitu tu, na ndani ya hicho "kitu" zimo nyuzi za kufungia kifaa cha mdomoni. Hendigadi ya inchi 15 inafika karibu kabisa na nyuzi hizo. Kifaa cha kawaida cha kuzuia mwako kitakaa, lakini kizuia sauti kinene kitagonga ukingo, na breki fupi itapulizia gesi na masizi kwenye hendigadi na karibu na vidole. Mtutu wa inchi 18 au 20 ndio unaokaa kwa raha ndani ya 15.

Kuhusu uzito, tuseme kweli: inchi mbili za alumini nyembamba iliyotobolewa hazimchoshi mtu. Kinachochosha ni mkono ulionyooshwa hadi kiwiko kukakamaa, pamoja na tochi iliyofungwa mwisho kabisa kwa sababu nafasi ipo. Gramu 150 zilizoko mwisho wa bunduki bega linazihisi kuliko gramu hizo hizo zikiwa karibu na magazini. Kwa hiyo mtu anaweza kununua 15, akashika inchi 10, akaweka tochi nyuma kidogo, na asichoke. Shida ni kwamba nafasi tupu inashawishi.

Kuna pia suala la kupinda. Hendigadi imeshikwa nyuma tu; ukiibana kwa nguvu kwenye ubao ukiwa umeshika mwisho wake, inapinda kidogo. Mtutu haupindi nayo, na huo ndio uzuri wake, lakini kilengeo cha chuma kilichofungwa mwisho wa hendigadi kinapinda nayo. Wenye darubini juu ya bodi hawana la kuhofu.

Mkono ukiwa mbele unaidhibiti bunduki haraka: mdomo haupandi sana risasi inapotoka, na kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine kunasimama pale unapotaka. Mkono ukiwa nyuma, kiwiko kikakaa karibu na mbavu, bunduki inatulia kwa risasi moja ya polepole. Mpiga shabaha wa kusimama kwenye mashindano ya usahihi hashiki mbali hata siku moja. Wa mbio hashiki karibu.

Kizuizi: mbele ya mkono au nyuma yake?

Kizuizi cha mkono ni kitu cha zamani kuliko AR-15. Wapiga shabaha wa bunduki ndogo za .22 wanaolala kifudifudi walikuwa nacho kwenye reli iliyo chini ya ubao wa bunduki, na mkanda ukafungwa hapo hapo. Mkanda unaivuta bunduki nyuma kuingia begani, kiganja kinasukumwa mbele kikakita kwenye kizuizi, na mifupa inabeba mzigo badala ya misuli. Kila risasi mkono uko mahali pale pale. Huo ndio msingi wa kitu chenyewe, na wanaokifunga kwenye AR-15 wengi hawaujui, basi wanakifunga ovyo.

Kuna namna mbili za kukitumia, na zinakwenda kinyume.

Ya kwanza: kizuizi kiko mbele ya mkono. Upande wa kidole cha shahada unagusa ukuta wake wa nyuma. Hapa kazi yake ni kukuzuia usiteleze mbele, na kukwambia bila kutazama kwamba umefika. Ndiyo ya mkanda wa kulala. Ndiyo pia ya kuegemea ubao: unaikita bunduki mbele, ubao unapokea uso wa mbele wa kizuizi, na kila kitu kinakaza. Vizuizi vya kazi hiyo vina meno upande wa mbele.

Ya pili: kizuizi kiko nyuma ya kiganja, au kati ya kidole gumba na vile vingine, na mkono unakivuta kurudi begani. Wanaopiga haraka wakiwa wamesimama wanaipenda hii, kwa sababu bunduki inakazwa begani bila kubana hendigadi kwa nguvu ya vidole. Kubana kwa nguvu ndiko kunakoleta mtetemo. Vizuizi vya kazi hii vina uso wa mbele uliopinda kama ndoana, na ukivigeuza vinakosa maana: mkono unateleza juu ya mteremko wa nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kununua jiulize kama unasukuma au unavuta. Kwa anayepiga mchanganyiko, kile kidogo chenye umbo la nundu, kinachokubali mkono pande zote mbili, kinafaa kuliko vile vya ndoana. Kampuni ya Arisaka wana cha namna hiyo, kidogo sana, cha kidole kimoja. Kampuni ya Magpul wana seti ya vipande vya ukubwa tofauti. Kwa kawaida bei ni kati ya dola 20 na 50, na sioni sababu ya kuvuka hapo.

Kwenye mtutu mfupi suala ni moja tu. Mtutu wa inchi 10.5 wenye hendigadi ya inchi 9 au 10 unaziacha ncha za vidole karibu sana na mdomo. Bunduki ikirudi nyuma, mkono unaweza kuteleza mbele, na hapo mtu anapoteza vidole. Kizuizi kikae mbele ya mkono, ukingoni, kiwe kikubwa cha kuhisiwa hata kwa glovu. Sikubali mjadala juu ya raha katika jambo hilo.

Kizuizi, mshikio wa wima, wa mshazari, au bila kitu

Kanuni inayonisaidia inatoka kwenye kifundo cha mkono. Kadiri mkono unavyokwenda mbali, ndivyo mshikio unavyopaswa kulala. Jaribu bila bunduki: kunja ngumi kama uliyeshika fimbo iliyosimama, ikiwa karibu na kifua. Kifundo kimenyooka. Sasa nyoosha mkono mbele ukiwa na fimbo ile ile, ukilazimisha ibaki imesimama. Kifundo kinavunjika kwenda chini, na mkono wa chini unakaza. Geuza kiganja kitazame juu na ndani, kifundo kinatulia.

Basi mshikio wa wima ni wa mkono wa karibu: inchi 6 hadi 9, kiwiko kimekunjwa. Mwenye hendigadi ya inchi 10 na umbo dogo anaweza kuufurahia kuliko kizuizi, na mwenye ugonjwa wa viungo vya vidole naye, kwa sababu kukunja ngumi ni rahisi kuliko kubana gamba pana. Wengine huushika nusu, vidole viwili kwenye mshikio na vingine juu ya hendigadi. Hapo unakuwa kama kizuizi kikubwa. Ubaya wake unaonekana ukilala au ukiweka bunduki juu ya gunia la mchanga. Unagota chini, na bunduki inainuka kuliko unavyotaka.

Mshikio wa mshazari, kama AFG ya Magpul au KAG ya kampuni ya BCM, ni wa katikati, inchi 8 hadi 11 hivi. Kwa viganja vingi unakaa vizuri, lakini unakuchagulia pembe. Pembe hiyo ikilingana na mkono wako hutaki kitu kingine. Isipolingana, unaanza kusugua ngozi ya kati ya gumba na shahada. Ujaribu dukani, usiagize kwa picha.

Kizuizi ni cha mkono wa mbali, na cha mtu anayebadili mikao. Kinachukua nafasi ndogo, hakigoti kwenye gunia, na mkono unaweza kukiruka ukaenda mbele au nyuma.

Na bila kitu chochote? Mwenye hendigadi nyembamba yenye mikwaruzo mizuri, anayepiga shabaha mezani na kwa goti, hahitaji lolote. Ule utepe wa karatasi uliobandikwa wakati wa kupima ni kizuizi tosha; uache miezi miwili. Ukiona unautafuta kwa kidole kila mara, ndipo ununue cha chuma ukifunge pale pale.

Mshikio wa wima una mtego wa kisheria. Kwenye bastola ya umbo la AR yenye urefu wa jumla chini ya inchi 26, ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, inaihesabu silaha hiyo kuwa ya kundi jingine linalotakiwa kusajiliwa, na kuufunga bila usajili ni kosa la jinai. California imeutaja mshikio wa mbele miongoni mwa vipengele vinavyoifanya bunduki inayojipakia yenyewe, yenye magazini ya kutoka, ihesabike katika kundi lililokatazwa; New York nayo ina kipengele cha mshikio wa pili. Soma sheria ya jimbo lako, na usitegemee neno la muuzaji.

Kufunga

Hendigadi za leo karibu zote zina nafasi za M-LOK, mfumo wa Magpul wa kufungia vifaa, ulioshinda dhidi ya mfumo mwenzake wa KeyMod mwaka 2017 pale kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani ilipouchagua baada ya majaribio ya kituo cha jeshi la majini cha Crane. Reli ya Picatinny, ile ya zamani yenye mifereji ya kukatisha, iliyowekewa kipimo rasmi mwaka 1995, ni nzito na ina makali yanayokwaruza kiganja, lakini ina faida moja ambayo wachache huitaja: mifereji yake imepishana kwa milimita 10, kwa hiyo kizuizi kinasogezwa kidogo kidogo. Nafasi za M-LOK ni ndefu na hatua zake ni kubwa zaidi. Ikiwa utepe wako umeangukia kati ya nafasi mbili, chagua ya nyuma kama unavuta na ya mbele kama unasukuma, au funga kipande kifupi cha Picatinny juu ya M-LOK uipate ile milimita unayoitaka.

Joto nalo lisisahauliwe. Alumini huchukua moto wa mtutu na baridi ya hewa vilevile; majira ya baridi ya Minnesota kiganja kitupu kinaganda, na jua la Arizona linaunguza kabla hujapiga risasi. Vifuniko vya plastiki vya M-LOK vinatibu yote mawili, lakini vinanenepesha hendigadi, kwa hiyo vifunge kabla ya kupima, si baada.

Kizuizi kikishapata mahali pake, hakikisha nati zake ndogo zimegeuka robo duara ndani ya hendigadi na kushika ukuta, kisha kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye maelekezo yake, bila kuzidisha. Weka tone la gundi ya skrubu ya aina inayofunguka, na uchore mstari wa rangi unaovuka kichwa cha skrubu na mwili wa kizuizi. Baada ya risasi hamsini za kwanza tazama mstari huo. Ukiwa umekatika, skrubu imezunguka. Fungua yote, safisha mafuta, rudia. Na kama katika mwezi wa pili wa kuitumia utaona mkono unakaa sentimita mbili nyuma ya kizuizi bila kukigusa, kifuate mkono, usiuite mkono urudi.